Mfereji wa Masista

Wanawake waliokuwa wakienda sokoni Kasindi ndio walioiona maiti ya Lusenge, Jumatatu asubuhi, Februari 2001. Ililala chali kando ya barabara, kisogo kimepasuka, na karibu yake kulikuwa na bidoni la njano la kuchotea maji. Waliitua mizigo yao, wakamfunika uso kwa kitenge, kisha mmoja akakimbia kuwaita masista.

Lusenge alikuwa mlinzi wa mfereji katika shamba la mizabibu la masista, chini kabisa ambako milima ya Beni inakwisha na uwanda mkavu wa Semuliki unaanza. Huko mvua inapita juu ya vichwa vya watu na kwenda kunyesha kwingine. Bila mfereji hakuna mzabibu, na bila mzabibu makanisa ya huku hayana divai ya misa, kwa kuwa tangu vita vianze divai ya nje haifiki.

Kwanza watu walisema ni wenye silaha. Siku hizo ndivyo ilivyosemwa juu ya kila maiti ya barabarani. Lakini bidoni lile lilikuwa na alama ya rangi nyekundu, na alama hiyo ilijulikana: ni ya Mathe, mkubwa wa wakimbizi waliotoka Eringeti na kujenga vibanda vyao chini ya shamba. Tena Mathe aligombana na Lusenge mbele za watu siku mfereji ulipofungwa. Jioni ya Jumatatu askari wa kizuizi cha barabarani walikuwa wamekwisha kumfunga kamba.

Élise Kanyere, mpelelezi wa parquet, ofisi ya mashtaka ya Beni, alifika Jumanne asubuhi juu ya lori la chumvi. Komanda wa askari hao alimpokea amekaa, mguu mmoja juu ya kreti.

"Madame, umejisumbua bure. Likambo esili, maneno imeisha. Mutu wetu tuko naye. Kesho asubui tunamupandisha Beni na camion yetu."

Si wote waliopandishwa kwenye camion ile, lori la askari, waliofika Beni, na Élise alilijua hilo kuliko wengi. Mafaili yao yalipita mezani pake, akayatia sahihi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

"Nipatie leo tu, Komanda," alisema. "Sista mukubwa njo aliniita. Nikirudi bila kuangalia, atapanda mpaka kwa askofu."

"Leo tu," alikubali Komanda. "Na usinifanyie maneno mingi."

Alipita kwanza pale barabarani, kisha akaenda kuiona maiti. Walikuwa wameilaza katika chumba cha kukamulia zabibu, mahali penye ubaridi, na mjane, Virginie, ameketi mlangoni. Jeraha lilikuwa moja, pana, la kitu cha chuma chenye ubapa. Damu ilikuwa imekauka shingoni na mgongoni, nyingi. Lakini pale barabarani Élise alikuwa amechuchumaa na kugeuza kokoto moja moja, wala hakuona doa. Halafu kulikuwa na matope. Yalikuwa yameganda katika mishono ya shati na ndani ya nywele.

"Mama, mvua ilinyesha hapa lini?"

"Mvua?" Virginie alimtazama kana kwamba ameuliza habari za theluji. "Tangu mbele ya Noeli hatuyaona mvua."

"Na mara ya mwisho ulimuona bwana yako ni wakati gani?"

"Siku ya Mungu, mbele ya misa. Alisema anabakia kuangalia mufereji. Nilimwambia, Baba, utasali lini? Akacheka." Alivuta kitenge mabegani. "Tuliporudi hakukuwa. Nikafikiri ameenda kwa ndugu yake."

Nje alisimama Phinées, msimamizi wa shamba, akimsubiri, mwanamume mrefu aliyefunga vifungo vyote vya shati mpaka kooni. Yeye ndiye aliyeleta vijiti vya kwanza vya mizabibu kutoka Butembo, akavipanda, askari wakapita juu yavyo mwaka wa kwanza wa vita, akapanda tena. Ingawa alikuwa Mprotestanti, masista walimwachia shamba lote mikononi.

"Mimi sikukuwa hapa," alisema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa Butembo tangu Alhamisi, kwa shemeji yangu Falonne. Nilishuka jana na lori, njo nikakuta matanga."

"Nionyeshe maji inapita namna gani."

Hapo Phinées alichangamka. Alimpeleka juu, kwenye kijito, akamwonyesha mlango mkubwa wa ubao unaoingiza maji mferejini. Huo ulikuwa kazi ya Lusenge. Kutoka hapo mfereji ulishuka pembeni mwa shamba mpaka kwenye vibanda vya wakimbizi. Katikati kulikuwa na mlango mdogo wa chuma uliofunguka upande wa mizabibu. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

"Ufunguo iko na nani?"

Phinées akavuta uzi shingoni. Ufunguo ulitoka chini ya shati. "Ni moja tu. Lusenge alikuwa na roho ya huruma sana. Huruma na mizabibu hazipatane. Unaona, Madame, wakati zabibu zinakaribia kuiva tunazinyima maji. Mzabibu unasikia kiu, unakusanya sukari yote kwa matunda. Wiki tatu sasa tumefunga hata mlango wa juu, kwani ukingo inavuja; hakuna hata tone limeingia. Ukiupa maji leo, utakunywa kama mulevi, tunda linavimba, ganda linashindwa, pwaa! Linapasuka. Siku mbili tu na umepoteza mwaka."

Alimtembeza katika mistari ya juu, akamchumia kishada. Zabibu zilikuwa ndogo, nyeusi, ngumu, na tamu ajabu. Élise alipotaka kushuka kwenye mistari ya chini, Phinées alisema kule kuna nyoka, na kwamba Sista anawangoja na chai.

Baada ya chai Élise alikwenda kumwona Mathe. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo nyuma ya kizuizi, midomo imevimba.

"Bidoni ni yako?"

"Ni yangu."

"Ilifika namna gani pale barabarani?"

"Siyui."

"Uligombana na Lusenge juu ya maji."

"Nani hakugombana? Walifunga mufereji. Bibi zetu wakaanza kuenda kuchota kwa mutoni, wapite hapa, mbele ya hawa." Alielekeza kidevu kwa askari. "Unayua bibi zetu walirudi namna gani? Sitasema. Muko mwanamuke, utaelewa."

Élise aliketi chini, mavumbini, wakatazamana sawa.

"Baba Mathe, kesho wanakupandisha kwa camion. Kuna kitu unaficha. Si juu yako, naona. Ni juu ya nani?"

"Nilimuapia Lusenge," alisema Mathe.

"Amekufa."

"Bibi yake Virginie iko hai. Masista wakiyua, watamutosha mu nyumba yao, alale inje."

"Hawatamutosha. Mimi nitasimama kwa ajili yake."

Ndipo akasema. Baada ya ule ugomvi Lusenge alishuka peke yake mpaka vibandani, akaomba msamaha. Tangu hapo, kila Jumapili, wakati kengele ya misa imelia na shamba halina mtu, aliwafungulia mlango mkubwa. Maji yalishuka mferejini mpaka kwao, wanajaza kila chombo, kisha anafunga. Jumapili iliyopita yalifika kama kawaida. Mathe alikuwa juu kidogo, karibu na mlango mdogo, akijaza bidoni lake, aliposikia mtu anakuja. Aliliacha akakimbia asije akamharibia Lusenge.

"Uliona mutu?"

"Sikuona. Nilisikia tu viatu."

"Halafu?"

"Halafu maji ikapunguka. Haikukatika, Madame. Ilipunguka. Kama vile inaenda fasi ingine."

Élise alisimama, akajipangusa. Ikiwa maji yalipungua bila kukatika, basi yalipata njia nyingine, na njia nyingine ilikuwa moja tu: ule mlango mdogo wa chuma.

Alirudi shambani bila kumwambia mtu. Askari wawili waliolinda langoni tangu Jumatatu kwa ombi la Sista, walimpisha. Alipokaribia mistari ya chini, alisikia nyuki kabla ya kuona lolote. Vishada vya mistari mitatu ya mwisho vilikuwa vimepasuka, tunda kwa tunda, na maji yake matamu yanadondoka kwenye majani. Mstari wa nne ulikuwa mzima. Juu ya udongo palikuwa na gamba kavu lililochanika vipande vipande. Alichimba kwa vidole: chini ya gamba kulikuwa na unyevu. Alipochimba zaidi, kwenye shina la mzabibu ambako maji hayakufika vizuri, alikuta udongo mweusi uliogandamana kwa damu, na uzi wa shati.

Kitu kimoja kilibaki. Katika ofisi ya masista kulikuwa na phonie, redio ya kuongelea na parokia. Sista Nadège, mkubwa wa nyumba, aliita Butembo, na baada ya kelele nyingi sauti ya Falonne, yule shemeji, ikafika.

"Phinées? Alitoka hapa Samedi, kesho yake siku ya Mungu. Nilimuambia abakie tusali pamoja. Akasema ameota maji inaingia kwa zabibu."

Alasiri ile Élise aliwaita wote kwenye mistari ya chini: Komanda na Mathe katika kamba zake, Sista Nadège, Virginie, na Phinées. Phinées alipoona wanaelekea wapi, mwendo wake ulipungua.

"Baba Phinées," alisema Élise, "ulinifundisha asubui. Niambie, hizi zimepata nini?"

Phinées hakuzitazama. "Ndege."

"Ndege inadonoa. Hizi zimepasuka toka ndani. Nani aliingiza maji hapa siku ya Mungu?"

"Lusenge! Nani tena? Alikuwa mwizi wa maji."

"Kufuli ni nzima. Ufunguo ni moja, iko shingoni yako. Ulisema mwenyewe."

"Nilikuwa Butembo!"

"Falonne anasema ulitoka Samedi."

Phinées alirudi nyuma hatua moja. Nyuki walivuma. Komanda, ambaye alikuwa amekuja kwa shingo upande, alishusha mkono taratibu kwenye mkanda wake.

"Damu ilimwagika hapa," Élise aliendelea kwa sauti ileile. "Ukafungua maji uisafishe, kisha ukafunga milango yote mbili. Usiku ukamubeba mpaka barabarani, watu waseme ni wenye silaha. Bidoni uliikuta hapo kwa mufereji, ukaiweka karibu naye, kama si wao basi ni Mathe."

"Sikukuja kumuua." Phinées alisema hayo akimwambia Sista, si mpelelezi. "Niliona mufereji inatiririka na maji inavuja kwa ukingo, inatafuta mizizi. Miaka tisa, ma Sœur! Nilimuita huku nimuonyeshe. Nikamwambia, wiki moja tu, hawawezi kungoja wiki moja? Akageuka kuenda. Hata hakunijibu vizuri. Beleshi ilikuwa mu mikono yangu."

"Na kisha ukazimwagia maji wewe mwenyewe," alisema Sista Nadège, taratibu.

"Damu ilikuwa mingi. Nilifikiri zitavumilia. Jana niliziona zimeanza; nilitaka kuzikata zote, lakini askari walikuwa langoni." Akaanza kulia, kwa haya, akijifuta kwa kola.

Virginie alisogea mpaka mbele yake. Watu walidhani atampiga.

"Alisema nini? Ulisema hakukujibu vizuri. Alisema nini?"

"Mama, uniachie."

"Alisema nini?"

Phinées aliinamisha kichwa. "Alisema batoto hawajamaliza kuchota."

Virginie alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua, akarudi kukaa na marehemu wake.

Komanda alimkatia Mathe kamba bila kumtazama, kisha akataka kumchukua Phinées kwenye camion yake. Élise alikataa. Alisema mshtakiwa ni wa parquet na atapanda naye kwa lori la chumvi, mbele ya masista wote kama mashahidi. Na Komanda, kwa kuwa watu walikuwa wengi, aliacha.

Mathe alibaki amesimama, anajisugua vifundo vya mikono. Élise alingoja aseme neno, lakini Mathe alimgeukia Sista.

"Na kesho, ma Sœur? Kesho mufereji itakuwa namna gani?"

Sista Nadège alitazama mistari mizima ya juu, iliyobakiza wiki moja ya kiu, kisha akatazama chini vibandani.

"Niitie wanawake," alisema. "Tunafungua leo."