Simu Mbili na Waya wa Kuanikia Nguo

Wacuka alikuwa ameshaketi ndani ya basi la Nyeri, sanduku lake la bati limefungwa juu, wakati babake, Muturi, alipokumbuka jambo la kumuuliza. Alisimama chini ya dirisha.

"Cucu akitaka kitu, hukuitaje?"

"Hugonga kikombe kwa kijiko, Baba. Lakini ukitoka nje ya mlango husikii."

Basi likaondoka. Wacuka alikuwa anakwenda chuo cha ualimu, miaka miwili. Muturi alirudi nyumbani, mtaa wa Jericho, akifikiria kile kikombe.

Hiyo ilikuwa Januari 1978. Muturi alikuwa seremala katika karakana ya reli. Alitoka asubuhi na mapema, akarudi jioni. Mkewe, Teresiah, alishona nguo kwenye kibanda mwisho wa safu yao, nyumba sita kutoka kwao. Cucu Wakiuru, nyanya yake Wacuka na mamake Muturi, alikuwa mtu wa kitandani. Mwaka uliopita alianguka akavunjika nyonga, na haikupona vizuri. Wacuka ndiye aliyemhudumia.

Sasa nani angemsikia akiita? Kinyanjui, kaka mkubwa wa Muturi, alikuwa na jibu lake. Alitaka kumchukua mama ampeleke Murang'a. Cucu alikataa. Alisema mchana huko wote huwa shambani, na yeye hana la kuzungumza na miti ya kahawa. Wanawe wakabishana. Mwisho Kinyanjui akasema anangoja mpaka mwisho wa Februari. Kama Muturi hatakuwa amepata njia, analeta pikapu.

Jumamosi moja Muturi alipita soko la Gikomba kutafuta misumari. Kwa mwuza vyuma vikuukuu aliona simu mbili nyeusi, nzito, za kuzungusha namba kwa kidole. Zilikuwa zimetupwa na ofisi fulani. Alizinunua zote mbili. Alikuwa amewahi kuona mafundi wakijaribu simu kwa mawe ya tochi, yaani betri, akasema naye atajaribu.

Waya mrefu hakuwa nao. Lakini nyuma ya nyumba zao kulikuwa na nyaya mbili za kuanikia nguo. Zilikwenda sambamba juu ya nguzo za mbao, toka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Kila mama wa safu ile alianika hapo. Muturi alifunga simu moja mwanzo wa nyaya, karibu na kitanda cha cucu, na nyingine mwisho, kibandani kwa Teresiah. Katikati aliingiza mawe manne ya tochi.

Cucu alisema, "Teresiah." Teresiah akasikia.

Safu nzima ilikuja kuona. Mama mmoja, Nthenya, aliuliza kama posta imefungua tawi Jericho, na kama yeye anaweza kupiga simu Machakos kupitia soksi za mumewe.

Kengele za zile simu hazikulia. Basi Teresiah aliacha mkono wa simu yake ndani ya sufuria tupu kando ya cherehani, ili sauti ikue. Cucu akiita, sufuria iliita. Siku tano mambo yalikwenda hivyo.

Jumamosi iliyofuata wanawake walifua. Nthenya alitupa blanketi bichi juu ya nyaya zote mbili. Saa tatu asubuhi cucu alijinyoosha kuchukua maji, akateleza toka kitandani. Aliuvuta mkono wa simu akaita. Aliita tena. Sufuria ilinyamaza. Teresiah alimkuta saa tano, sakafuni, amelowa, anatetemeka. Hakuwa ameumia. Lakini Kinyanjui alipata habari, akatuma neno kwamba haoni haja ya kungoja Februari iishe. Anakuja Jumamosi ijayo.

Muturi aliwaza usiku kucha. Kwa akili yake, mawe ya tochi yalikuwa yamechoka. Ndiyo maana sauti ilikufa, na ndiyo maana kengele hazikulia. Jumapili baada ya kanisa alitoa plagi na kipande cha waya. Alitaka kuleta umeme wa ukutani mpaka kwenye zile nyaya.

Wakati huo Abukar alikuwa amekuja kuchukua suruali yake kwa Teresiah. Abukar alikuwa fundi wa redio pale sokoni, mtu wa maneno machache na makali. Alimwona Muturi na plagi mkononi, akamwuliza anafanya nini. Muturi akamweleza. Abukar aliichukua ile plagi, akaitia mfukoni.

"Mzee Muturi, hapa nani huanika nguo?"

"Kina mama wote."

"Wakiwa na mikono mikavu?"

Muturi alizitazama zile nyaya.

"Mawe manne ya tochi hayaui mtu," Abukar alisema. "Umeme wa ukutani unaua. Ungeuweka hapa, Nthenya angeshika waya kesho na nepi mbichi, na sisi tungechimba kaburi. Halafu mwingine angekimbia kumvuta, tuchimbe mawili."

Muturi aliketi juu ya ndoo. Kisha akauliza, kama si nguvu iliyopungua, sauti ilikwenda wapi?

Abukar hakumweleza. Alimwambia ashike simu ya cucu, na Teresiah ahesabu kwenye simu ya kibandani. Muturi akasikia moja, mbili, tatu. Abukar akalaza kijiko juu ya nyaya zote mbili. Kimya. Akakiondoa. Saba, nane.

"Fanya mwenyewe," akasema.

Muturi alifanya mara tatu. Mara ya tatu alianza kucheka.

Abukar akamweleza sasa. Umeme hutoka kwenye mawe, hupita waya mmoja, hurudi kwa mwingine. Ukipata njia fupi katikati, hurudi hapohapo, haufiki mwisho. Blanketi la Nthenya lilikuwa zito. Lilizivuta nyaya zikagusana. Hata zisingegusana, maji ya sabuni yangepunguza sauti. Waya wa simu lazima uvikwe mpira mwilini.

Muturi aliuliza juu ya kengele. Abukar alisema kengele ya ndani inataka umeme wa aina nyingine, wenye nguvu, unaotoka kwenye mitambo ya posta. Basi wachukue ule wa posta, Muturi akasema, nguzo yao si ile pale? Abukar alimtazama.

"Huo si wako. Na simu ikiita wakati umeushika, utaruka mpaka Kaloleni. Kengele ile iache ilale. Nunua ya mlangoni, inayolia kwa mawe ya tochi."

Kisha alifungua mdomo wa simu ya cucu. Ndani mlikuwa na kikopo chenye chembe za makaa. Alisema zikikaa miaka bila kutikiswa hushikamana, na sauti huwa hafifu. Alikigonga polepole kwenye kiganja, akakirudisha.

Wiki ile kila jioni, kabla giza halijaingia, Muturi na Abukar walitandika waya mpya. Ulikuwa na nyuzi nne ndani, kila moja imevikwa mpira wake. Waliupitisha juu, chini ya mabati, mbali na nguo. Nyuzi mbili zilikuwa za mazungumzo, mbili za kengele. Kando ya kitanda waliweka kitufe, na kibandani kengele ya mlangoni. Teresiah akafundishwa kurudisha mkono wa simu mahali pake kila akimaliza, ili mawe yasiishe bure.

Jumamosi Kinyanjui alikuja na pikapu. Nyaya za nguo zilikuwa zimejaa. Alifika kwanza kibandani, akaanza kumlaumu Teresiah. Kengele ikalia. Teresiah akasikiliza, kisha akampa shemeji yake mkono wa simu.

"Kinyanjui," cucu alisema, "mlango wa pikapu yako nimeusikia. Rudi nayo ikabebe kahawa. Mimi nataka uji, na nimeshasikika."

Kinyanjui alirudi Murang'a na pikapu tupu.

Cucu Wakiuru aliishi miaka minne zaidi katika nyumba ile, akafia hapo mchana, Teresiah akiwa kando yake. Wacuka alimaliza chuo, akafundisha Nyeri. Nthenya aliendelea kuanika mablanketi kila Jumamosi. Abukar alihamia mtaa wa Umoja na kufungua duka. Muturi alistaafu mwaka wa 1986. Yeye na Teresiah walihamia Murang'a, na jirani yao huko ni Kinyanjui.