Nani Alikata Soli ya Mwanangu?

Risasi zilipoanza kulia upande wa juu, Lubna wangu alianguka katikati ya barabara... na watu wakamruka kama gogo.

Nilirudi. Nikamshika kwapani, nikamvuta hadi kwenye ukuta wa duka. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimetoka. Nikakiokota nimvishe.

Ndugu zangu, nikakigeuza.

Soli ilikuwa imekatwa.

Wazazi mnaonisoma, msiniache njiani. Haya yalinikuta Buyenzi, hapa hapa Bujumbura, miaka ile ya vita.

Lubna alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kidogo. Alitembea akibonyea upande, jioni analia mgongo. Mtaalamu wa viatu vya mifupa akampima, akamtengenezea jozi yake: cha kushoto soli nene, na kisigino kigumu cha kushika kifundo. Alinieleza kwamba soli ile inasawazisha nyonga, ili goti na mgongo visibebe mzigo usio wao.

Na kweli, mtoto aliacha kulia. Akaruka kamba na wenzake. Ikija siku ya kukimbia, alikuwa mbele yangu.

Sasa kaanguka kama zamani.

Mume wangu Abdu, fundi wa magari, alipokiona kile kiatu alishika kichwa. Akasema ni Twahiru tu, fundi viatu wa karibu na msikiti, si juzi kilipelekwa kwake ashone palipofumuka? Akaapa atamtoa meno. Nikajisemea, mume wangu ana uchungu na mwanaye.

Twahiru aliapa hajagusa soli. Abdu akaniambia tusimsalimie tena. Hatukumsalimia.

Mchana mmoja nikapeleka ugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, garaje. Abdu alikuwa chini ya teksi. Nikainama kuweka sahani... nikaona tairi la nyuma limewekewa kabari lisiteleze. Kabari ya mpira mweusi, yenye mstari mwekundu pembeni.

Mstari ule naujua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiufuta vumbi kwenye soli ya Lubna.

"Baba Lubna, hiki ni nini?"

Akatoka polepole, anajipangusa mafuta.

"Mpira tu, mama."

"Mpira wa gari gani?"

Mafundi wenzake wakaacha kugonga.

Akasema kwa sauti ndogo, "Gari ukiiwekea tairi moja kubwa na ingine ndogo, inavuta upande. Mi nililinganisha tu. Idi inakuja, familia yote itakuwa pale. Wanamuita binti ya Abdu kiwete, juu ya ile kiatu."

"Ile kiatu ndiyo ilikuwa inamulinganisha, Abdu. Mutoto si gari."

Nikachukua kile kipande nikaondoka. Bado nilikuwa sijalia. Nililia nyumbani, nilipomuuliza Lubna kama alijua.

Alijua.

"Baba alisema nikinyamaza nitatembea kama wengine. Mugongo iliniuma, mama... lakini nilinyamaza."

Mnaona? Mtu ninayelala naye kitanda kimoja! Alimfunga mtoto mdomo, akaniangalia nikimnunia jirani asiye na kosa.

Nilienda kumwomba Twahiru radhi. Nikamwonyesha kipande, akakataa kukigundisha, akasema kiatu hicho kirudi kwa aliyempima mtoto. Tukarudi, na mguu ulikuwa umeshakua, akapimwa upya. Jozi mpya ikatoka, na maumivu yakaanza kumwachia.

Kabla ya Idi risasi zikalia tena.

Abdu akachuchumaa mlangoni, akampa binti yake mgongo.

"Panda, mama, nikubebe."

Lubna alimtazama. Akainama, akakaza kamba za viatu vyake.

"Apana, baba. Hivi vitanifikisha."

Akashika mkono wangu. Tulikimbia hadi mtaa wa Asiatique, hakuanguka. Abdu alikuja nyuma yetu, mgongo mtupu.

Wazazi wenzangu, kiatu cha mifupa si pambo la sikukuu. Usikikate, usimrithishe mdogo wake, na mguu ukikua mrudishe apimwe. Aibu ya ndugu itaisha siku ya sherehe, mgongo wa mtoto ni wa maisha.

Na ukiona mtoto wako mwenye maumivu kanyamaza ghafla, usishangilie. Mvue viatu, vigeuze, uangalie soli.