Sketi Siivui

"Vua hiyo sketi, Maarika. Nakuomba."

"Imekuuma?"

Tauri aliufunga mlango haraka, utadhani jirani akiiona ile sketi ataita polisi. Ilikuwa ya sufu, nyekundu yenye mistari, Maarika aliifuma mwenyewe kwao Kihnu, kisiwa cha Estonia ambako wanawake huvaa hivyo kanisani, dukani, hata juu ya pikipiki. Wote wawili walizaliwa huko. Miaka mitatu walikuwa wakisoma Aarhus, Denmaki, na miwili kati ya hiyo walipendana. Leo ilikuwa mahafali yao.

"Profesa wangu atakuwepo na mkewe," alisema Tauri. "Ndiye anayenipa kazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... wanajua sisi ni Wafini."

"Sisi nani?"

"Ni kurahisisha tu, mpenzi! Nikitaja Estonia naanza kuulizwa iko wapi."

"Si uwaonyeshe kwenye ramani! Digrii ya nini sasa?"

"Maarika, leo nataka nikuvishe pete mbele yao. Chagua. Pete, au hilo blanketi."

Maarika alimpenda huyu mwanamume, tena sana, na pete hiyo aliiota tangu Krismasi. Lakini blanketi?

"Blanketi," alijibu, akajifunga kitambaa cha kichwa na kutoka.

Njiani simu yake ikalia. Ujumbe wa Mama Leida, mama yake Tauri:

"Mwanangu nimeshashuka kwenye treni. Nipite wapi?"

"Nisubiri hapohapo mama, nakufuata."

Alikuwa amemwalika kimyakimya, ili Tauri afurahi. Mama Leida alimpokea kwa kumbatio, naye kavaa sketi kama yake na aproni ya maua mbele, mkononi mfuko wa samaki wa kukaushwa kwa moshi uliowafanya abiria wageuke.

Ukumbini mama alisimama akashangaa.

"Mbona wazazi wamejaa? Tauri aliniambia chuo hakiruhusu wageni."

Kumbe Tauri hakuwa akiionea aibu sketi peke yake!

Tauri alikuwa amesimama na profesa. Alipowaona, rangi ikamtoka.

"Na huyu mama ni nani?" profesa aliuliza kwa Kiingereza.

"Ni... jirani yetu wa zamani."

Mama Leida hakujua Kiingereza. Alikuwa akitabasamu tu, mikono imeshanyooshwa kumkumbatia mwanawe.

"Profesa," Maarika alisema kwa sauti, watu wakageuka, "huyu ndiye aliyemzaa. Na sisi si Wafini hata kidogo. Ni Waestonia, watu wa Kihnu."

"Kasema nini?" mama aliuliza.

Mikono yake ikashuka polepole, na hapo Tauri akapiga magoti palepale, machozi yanamtoka, kisanduku cha pete mkononi.

"Mama, nisamehe! Nilikukana. Maarika, nioe— nikuoe hivyohivyo, na sketi yako! Nitamwambia kila mtu natoka wapi!"

Mama ni mama. Aliifungua aproni yake upesi, akamnyooshea Maarika.

"Jifunge, mwanangu. Mwanamke wa Kihnu haivai mpaka aolewe, nawe sasa umepata mume. Msamehe. Mimi nimeshamsamehe."

Maarika aliipokea. Aliishika kidogo, akayapapasa maua yake, roho ikimuuma kwelikweli. Kisha akazunguka nyuma ya mama na kumfunga tena kiunoni, fundo imara.

"Hii ni ya mke wa mtu, mama. Mke wa huyu mimi sitakuwa. Ila mwanao nitabaki. Twende tukapige picha, nimehitimu leo!"

"Na mimi je?" Tauri aliita, bado yuko chini.

"Wewe kawasubiri Wafini wenzako."