Kokoto Zilizooshwa

Soko la samaki lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo, na dada mmoja amevaa viatu vyeupe. Nani huvaa viatu vyeupe sokoni kwa samaki? Mtu aliyetoka maabara moja kwa moja na njaa yake. Alichagua perege dume, mnene, akaomba apasuliwe palepale. Tumbo lilipofunguka akainama, akachungulia, kisha akasema kwa sauti ya mwalimu:

"Dume hili lina mayai."

Foleni nzima ikarefusha shingo. Mama mmoja akamrudisha samaki wake mezani polepole, kama anayelaza maiti.

"Dada," muuza samaki akasema, kisu mkononi, "umekuja kununua au kuniloga?" Alikuwa kijana mrefu, masharubu yake mawili membamba yakining'inia pembeni mwa mdomo, ndiyo maana soko zima likamwita Kambale.

"Mabwawa yako ya samaki yanapata maji wapi?"

"Mtoni."

"Chini ya pale majitaka ya mji yanapomwagwa?"

"Kwani ulitaka nifuge mawinguni?"

"Basi samaki wako wanameza vidonge vya kuzuia mimba vya mji mzima. Homoni zinatoka na mkojo, zinaingia mtoni, na madume yako yanaota mayai."

"Ondoka mezani kwangu, Bi Hadubini!"

Jina likamganda kama kupe. Kesho yake hakuna aliyenunua hata mkia kwa Kambale. Jioni akamvizia mlangoni mwa maabara, mikono kiunoni.

"Umenivunjia soko. Njoo ulijenge."

Bi Hadubini akaja, maana kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kukuza bakteria wanaokula homoni. Akaweka tangi lililojaa kokoto pale maji ya mto yanapoingia mabwawani, akawapandikiza humo bakteria wake. Maji yangepita kwenye kokoto, wao wangekula uchafu, samaki wangepata maji safi.

"Umeleta vijidudu vitibu maji?" Kambale akamcheka. "Kesho utaleta moto uzime nyumba inayoungua."

"Wewe si mtaalamu, nyamaza."

"Na wewe si mke wangu, usininyamazishe."

Bi Hadubini akacheka kabla hajajizuia. Hapo ndipo alipokwisha. Kuanzia siku hiyo simu ikawa haitulii.

"Umekula?"

"Nimekula. Unataka nini?"

"Sitaki kuongea na wewe."

"Sasa umepiga ya nini?"

"Nikwambie hivyo."

Waligombana wakipendana, wakapendana wakigombana. Siku moja Kambale akaingiza mkono tangini, akautoa na ute wa kijani.

"Huu utelezi ni nini, mpenzi?"

"Hutaelewa. Achana nao."

Akajipangusa mkono, akaachana nao.

Kisha Bi Hadubini akapelekwa mafunzoni mji mwingine. Mkuu wa maabara, mtu mkavu kama kuni, alimwambia waziwazi: "Ukirudi nakuja kupima maji mwenyewe. Kama homoni hazijapungua, nafunga kazi hii, na wewe unahamia tawi la mbali." Bi Hadubini akampigia Kambale simu, akamweleza yote.

"Usiogope, laazizi," Kambale akasema. "Mimi nipo."

Ole wake aliyesema "mimi nipo"!

Asubuhi ya ukaguzi Bi Hadubini alishuka basini na gauni jipya la zambarau. Kabla hajafika mabwawani, harufu ikampiga puani. Klorini. Kambale alikuwa amesimama kando ya tangi, shati limepigwa pasi, anatabasamu mpaka magego. Kokoto zilimetameta kama meno ya mtoto.

"Nimeziosha mwenyewe, moja moja, kwa brashi. Mkuu wako asije akakuaibisha kwa uchafu."

Kitendawili: nina kundi kubwa, nikilinawisha linakufa. Mwenye jibu ni yule aliyekaa chini na gauni lake jipya, kwenye matope.

"Umewaua," akasema. "Ule utelezi ndio uliokuwa bakteria wangu! Ndio nyumba yao, ndio wenyewe! Umeua wote, Kambale!"

"Nilikuuliza ni nini! Ukaniambia hutaelewa!"

"Ungeacha!"

"Ungesema!"

Gari la Mkuu likaingia wakiwa bado wanafokeana. Akachota maji yanayoingia tangini, akachota yanayotoka, akapima kwa kifaa chake. Akakunja uso.

"Homoni sawasawa kabisa, kuingia na kutoka. Bakteria wako hawafanyi kitu."

"Wanafanya," Kambale akasema. "Niliwaua mimi, kwa klorini. Kama kuna wa kuhamishwa, nihamishe mimi."

"Wewe si mfanyakazi wangu." Mkuu akamgeukia Bi Hadubini. "Hukumwambia asiguse?"

Angeweza kusema alimwambia, nani angebisha?

"Nilimwambia hataelewa," akasema. "Sikumwambia zaidi."

Mkuu akafunga kifaa chake, akawatazama kama anayetazama samaki waliochacha.

"Otesha upya. Miezi mitatu. Maji yakibaki hivi, unahama." Akaondoka bila kuaga.

"Usidhani nimekusamehe," Bi Hadubini akasema.

"Sidhani kitu. Mimi sielewi, umesahau?"

Akamtazama kwa hasira. Kisha akakaa ukingoni mwa tangi, akaanza kumweleza: bakteria wanavyojishikiza kwenye jiwe, wanavyojitengenezea ute, wanavyokula wasichokiona watu. Kambale akauliza maswali ya kijinga, kisha yasiyo ya kijinga. Jua likapanda, hakuna aliyekumbuka chai.

"Sharti ni moja," akamaliza. "Hapa hugusi kitu bila kuuliza."

"Kitu chochote?"

"Chochote."

"Mkono wako je?"

"Huo ndio kabisa."

Kambale akajifuta viganja kwenye suruali. Vilikuwa vimebabuka kwa ile dawa, ngozi imechunika vidoleni.

"Basi nauliza. Wala si wa leo tu. Nauliza wa kuzeeka nao."

Bi Hadubini akageuza uso, akavuta pumzi, akakunja pua.

"Unanuka klorini, muuaji we," akasema, bado amenuna, na akampa mkono.