Mashine Haina Shemeji

Kila asubuhi Mama Studio alifagia, akapangusa kiti cha wateja, akanyoosha kitambaa cheupe ukutani. Mara nyingi mteja wa kwanza alifika kabla chai haijapoa.

"Inua kidevu. Usicheke."

"Kwani nikicheka kuna ubaya gani?"

"Picha ya kitambulisho hiyo. Ofisini hawapendi mtu mwenye furaha."

Mumewe alizunguka na kamera kwenye harusi na sherehe. Yeye alibaki studio kupanga picha na video. Kazi zao zote zilikaa kwenye seva. Hiyo ni kompyuta ya kutunzia mafaili, nayo ilikuwa chini ya meza, nyuma ya pazia. Kompyuta nyingine za studio ziliweka na kuchukua mafaili humo kupitia mtandao wa ndani.

Ng'ambo ya barabara alikaa mama mmoja mshonaji na cherehani yake. Binti yake wa pekee alipoolewa, gauni alilishona yeye, na video ikapigwa na studio. Bibi harusi alisema atapita kuchagua nyimbo za kuweka kwenye video. Hakupita. Aliugua ghafla, akafa.

Baada ya mazishi Mshonaji alivuka barabara.

"Mwanangu, ile video nitunzie. Sasa hivi siwezi kuitazama. Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe."

"Ondoa shaka, mama. Iko salama."

Mama Studio alisema hivyo kwa moyo safi. Lakini moyo safi haufungi mlango.

Seva ilikuwa na mipangilio ya usalama. Mipangilio hiyo ndiyo inayosema nani aingie, aone nini, na abadilishe nini. Mume na mke kila mmoja alikuwa na nywila yake, yaani neno la siri la kuingilia. Hapo walikuwa wamefanya vizuri. Shida ilikuwa shemeji.

Shemeji huyo, mdogo wake mume, aliitwa Chapchap, maana hakuwahi kukaa mahali chai ikaisha. Harusi ikiwa kubwa, alimsaidia kaka yake kupiga video. Kisha alikuja na kompyuta yake ya mkononi, iliyojaa michezo na filamu za kuokoteza mitandaoni.

"Shem, nifungulie nishushe video. Nina haraka."

Siku moja Mama Studio alimwambia, "Ngoja nikutengenezee nywila yako."

Chapchap akanuna. "Yaani mimi niulizwe nywila kwa kaka yangu? Nimekuwa mpita njia?"

Mume naye akamvuta mkewe pembeni. "Usimwaibishe ndugu yangu, bwana. Mfungulie tu."

Basi, tangu siku hiyo akawa anafungua. Alibonyeza mahali palipoandikwa "watu wote", na seva nzima ikawa wazi bila nywila. Chapchap akimaliza, Mama Studio alitakiwa aifunge tena kwa mkono. Siku nyingine alikumbuka. Siku nyingine wateja walimzonga, akakumbuka akiwa jikoni kwake, akasema, "Aa, kesho."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye hata ukuta hakubakiwa nao.

Asubuhi moja aliwasha kompyuta, akakuta majina ya mafaili yamegeuka herufi zisizosomeka. Akafungua picha moja, ikakataa. Akafungua nyingine, ikakataa. Kwenye kioo palikuwa na tangazo: mafaili yako yamefungwa, ukiyataka lipa.

Walimkimbilia Fundi, dada wa ghorofa ya juu, ambaye kazi yake ni kusimamia mitandao ya maofisi. Aliikagua seva na orodha ya kompyuta zilizoingia humo.

"Ni virusi. Vimetoka kwenye kompyuta ya shemeji yako. Vilikuta seva iko wazi, vikaingia, vikafunga kila kitu."

"Tukilipa?" mume aliuliza.

"Wezi hao, kaka. Unaweza kulipa na usipewe kitu. Nakala za akiba mliziweka wapi?"

"Humo humo kwenye seva."

Fundi akashusha pumzi. "Basi nazo zimekwenda."

Mume alikaa chini kwenye sakafu. Chapchap alipigiwa simu. Akasema pole, ila yuko njiani, ana haraka.

Siku hazikupita nyingi, Mshonaji akaingia. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, ameshika leso mkononi.

"Leo niko tayari," alisema, akakaa mbele ya kompyuta.

Mama Studio alimweleza. Hakumficha kitu.

"Huyo mwizi alivunja wapi?" Mshonaji aliuliza.

"Hakuvunja, mama. Palikuwa wazi."

"Nani aliacha wazi?"

"Mimi."

Mshonaji alikunja leso yake, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo. Akaondoka bila kuaga. Mama Studio alilia siku hiyo, na hakuna aliyemnyamazisha.

Fundi alirudi baadaye kuwasaidia kuanza upya.

"Nitakuwa nafunga kila jioni, dada. Naapa," Mama Studio alisema.

"Usiape. Binadamu anachoka, anasahau, na tena anaona haya. Kazi hii tuiachie mashine. Mashine haichoki, na haina shemeji."

Akaeleza polepole huku akiandika. Aliorodhesha mipangilio sahihi mahali pamoja: mume na mke waingie kwa nywila zao, na "watu wote" pasiwe na ruhusa yoyote. Kisha akaiandikia seva amri za kuzifuata yenyewe. Kila saa ijikague. Ikikuta mtu ameacha mlango wazi, iurudishe kama ulivyoandikwa, kisha itume ujumbe kwenye simu ya Mama Studio.

"Na mgeni akija na video zake?"

"Mgeni ana folda yake, inaitwa Mapokezi. Ataweka vitu humo tu, kwa nywila yake, na ruhusa itajifunga yenyewe jioni. Vingine vyote hatavigusa. Nakala ya akiba nayo ikishaandikwa kwenye diski ya nje, chomoa diski hiyo, uifungie kabatini. Kisichounganishwa hakifikiwi na virusi. Na mara moja moja ijaribuni, mwone kama inafunguka."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Chapchap alipokuja tena, alianza wimbo wake. "Shem, nifungulie seva, nina haraka."

"Nikiifungua, inajifunga yenyewe. Ilalamikie yenyewe. Nywila yako ya Mapokezi hii hapa."

Alinuna, akamtazama kaka yake. Safari hii kaka yake alitazama ukuta. Chapchap akaiandika nywila.

Na kweli, kompyuta yake ilikuwa bado ina virusi, maana hakuwa na muda wa kuipeleka kwa fundi. Vilifunga mafaili ya Mapokezi, vikaishia hapo. Harusi mpya za watu zilibaki salama. Mchana huo mume alimsimulia kila mteja aliyeingia.

"Hakikuguswa kitu! Mashine inalinda yenyewe, sisi tunakula chakula chetu kwa raha!"

Hakuona nani ameingia nyuma yake. Alikuwa Mshonaji. Alitaka picha ya kitambulisho. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo harusi za wenzangu zimepona," alisema.

Mume akageuka.

"Zimepona, mama," Mama Studio alijibu.

"Huo mtambo mlichukua muda gani kuuweka?"

Mama Studio alitamani kudanganya. Akashindwa.

"Asubuhi moja, mama."

"Asubuhi moja," Mshonaji alirudia polepole.

Akanyoosha ukosi wa gauni lake, akaitazama kamera. Mama Studio aliinyanyua.

"Inua kidevu kidogo, mama," alisema.

Hapakuwa na haja ya kumwambia asicheke.