Picha ya Mferejini Isiyo na Penseli

"Hii picha nani amechora?"

Mokami aliichomoa kwenye begi la mchumba wake na kuiweka mezani.

"Mimi. Nani tena?" Ambokile alijibu bila kuinua macho. Alikuwa mwalimu wa sanaa kutoka Mbeya, amepangiwa kazi Nyarero, na kila jioni alikwenda kuchora mfereji wa umwagiliaji kwa rangi za maji.

"Mbona haina penseli?"

"Nimejaribu bila penseli. Kuna ubaya?"

Mokami alimjua. Ambokile hakuwahi kugusa brashi kabla ya kuchora kingo, maji na migomba kwa penseli, tena kwa kufutafuta. Hata picha aliyomchora Mokami, mistari ilionekana chini ya rangi ya shavu. Lakini hapa maji yalipita kwa mkono mmoja, mwepesi. Na ukingoni, chini ya migomba, alilala Ambokile mwenyewe.

"Ulijionaje ukiwa umelala?"

Ambokile akainama kufunga kamba za viatu.

"Nakuuliza, Mwalimu!"

"Wivu wako huo! Mwaka jana ulimshuku Teresia bure, mpaka ukamwomba msamaha. Leo tena karatasi!"

Ni kweli, kwa Teresia alikosea. Ila aliyechora picha hii alimtazama Ambokile muda mrefu, kwa upole, mpaka kwenye kope. Hilo lilimchoma Mokami kifuani.

Simu ya Ambokile ikatetemeka mezani. Mokami akaiwahi.

"Leo huji mferejini? Nimekumiss. Gloria."

"Gloria yupi? Yule nesi mpya?"

"Ananifundisha kupaka rangi tu."

"Na kulala anakufundisha?"

Akapiga, akaweka spika.

"Abee, mpenzi," sauti ikaitika.

"Mimi siyo mpenzi wako. Ni Mokami, mchumba wake."

"Dada, aliniambia mlishaachana."

"Tumeachana wapi? Jumapili tunatangazwa kanisani!"

"Mwalimu, upo hapo? Ni kweli?"

Ambokile akaisogelea simu. "Gloria, nitakueleza. Usikate, tafadhali."

Mokami akamtazama. Yeye ndiye aliyesimama mbele yake, macho yamejaa machozi, na bado aliyeahidiwa maelezo ni Gloria. Akairudisha simu mezani, akachukua kanga yake, akatoka.

Siku zilizofuata Ambokile alituma meseji: "Nisamehe. Gloria amenikataa. Turudi kama zamani." Mokami hakujibu.

Jumapili kanisa lilijaa. Padri akasoma majina yao, kisha akasema:

"Anayejua kizuizi cha ndoa hii, aseme."

Mokami akasimama. Mama yake akamvuta gauni.

"Kaa chini, mwanangu! Watu wanatuangalia!"

"Waangalie tu, mama." Sauti ilitetemeka, lakini ilifika mpaka madhabahuni. "Mimi nakijua, Padri. Bibi harusi hataki."