Maneno ya Kambi Iliyonyamaza

Kila alasiri, akitoka shule, Kaaha alivua sare, akala anjera, mkate mwembamba uliobaki asubuhi, kisha akafuatana na shangazi yake kutembelea watu. Ilikuwa mwaka wa 1966, wakati wa vita kati ya serikali na waasi wa Kisomali, na mjini Garissa hakuna aliyetembea ovyo. Jua likianza kushuka, askari walifunga barabara na kila mtu akawa kwake.

Shangazi yake, Safiyo, aliuza maziwa mtaani Waberi. Kaaha alimwita Eddo, kama Wasomali wanavyomwita dada wa baba. Eddo alikuwa akihudhuria mafunzo ya uongozi katika ukumbi wa chama tawala. Mwalimu wao, Bwana Komora, alikuwa Mpokomo kutoka ng'ambo ya mto Tana.

"Mkutano mkuu wa chama unataka mjumbe mmoja kutoka hapa," aliwaambia. "Anayetaka kuchaguliwa aende kwa watu, awasikilize, kisha aje anieleze walichosema."

Eddo hakujua Kiswahili cha kutosha, basi Kaaha wa darasa la sita akawa mkalimani wake. Walizunguka mitaa yote. Ilibaki kambi moja tu ya wafugaji, nje ya mji, nyuma ya vichaka vya migunga. Siku ya Jumamosi walifika huko, jua likiwa utosini.

"Mbona kimya hivi?" Kaaha alinong'ona.

Milango ya vibanda vya mikeka ilikuwa wazi. Mbele ya kibanda kimoja birika la chai lilichemka juu ya mafiga, lakini hapakuwa na mtu. Mkeka ulikuwa bado umebonyea mahali mtu alipokuwa ameketi. Mbuzi wakapita mbele yao bila mlio wowote. Kaaha akatazama shingo zao. Kengele zao za mbao zilikuwa zimeshindiliwa nyasi.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Kaaha aliita kwa Kiswahili, kama alivyozoea kuita ofisini mjini.

Hakuna aliyeitika. Kisha, ndani ya vichaka, kikatoka kikohozi cha mtoto. Kikakatika ghafla, kana kwamba mkono umeziba mdomo. Kaaha akamshika Eddo nguo.

"Eddo, twende! Hapa pana majini."

"Majini hayachemshi chai," Eddo alisema, lakini naye alisema kwa sauti ya chini. Walingoja kwa muda, kisha wakaondoka. Njia nzima Kaaha alihisi macho mgongoni.

Jumatatu, Bwana Komora aliwaita wanafunzi wake ofisini mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, Eddo alisema kwa Kisomali, "Kambi ya migungani hatukusikia neno. Watu wamejificha. Nataka nirudi."

Kaaha akaogopa. Je, wakisema Eddo hakumaliza kazi? Akatafsiri, "Watu wa migungani hawajambo. Wanaomba shule."

"Na maji?"

"Maji wanayo, Bwana."

"Vizuri. Basi gari la maji la serikali halina haja ya kwenda huko."

Bwana Komora akatabasamu. Walipotoka, Eddo akauliza, "Amefurahia nini?"

"Ameipenda kazi yako, Eddo."

Tangu hapo Kaaha hakutulia. Darasani, wenzake wakiandika kimya, alisikia kile kikohozi nyuma yake, akigeuka haoni mtu anayekohoa. Sokoni aliona birika likichemka bila mwenyewe karibu, akatimua mbio. Mwishowe aliketi miguuni pa Eddo, akamwambia yote.

Eddo hakumpiga. Akasema, "Jaza kibuyu maji. Tunarudi."

Safari hii hapakuwa na moto wala mbuzi. Eddo aliketi chini katikati ya kambi, akaita kwa Kisomali. Alitaja jina lake, la baba yake, na la babu yake. "Huyu ni binti wa kaka yangu," akasema. "Hatukuja na bunduki wala kalamu."

Vichaka vikatikisika. Mahali ambapo Kaaha alidhani ni vivuli tu, watu wakaanza kuinuka miibani, mmoja baada ya mwingine. Mbele alikuwa mwanamke aliyeitwa Amran. Mtoto mgongoni mwake alikohoa, midomo yake imekauka.

"Walikuja watu wenye bunduki," Amran alisema. "Wakaita hodi kwa Kiswahili, wakaandika majina. Kesho yake waume zetu wakachukuliwa. Sasa tukisikia Kiswahili tunaingia miibani. Kisimani tunaogopa kwenda. Tunakunywa maji ya dimbwi."

Eddo alimnywesha mtoto maji ya kibuyu, kidogo kidogo. Kisha yeye na Kaaha wakaenda moja kwa moja kwa Bwana Komora.

"Niliweka maneno yangu mahali pa maneno ya shangazi," Kaaha alisema akilia. "Maji safi hawana."

Bwana Komora akainuka kitini. "Mengine baadaye," akasema. "Kwanza maji."

Gari la maji likaenda, pamoja na dresa, mganga msaidizi wa zahanati. Eddo alitembea mbele akiita kwa Kisomali, ili watu wasikimbie. Baada ya siku chache mtoto wa Amran aliweza kuketi mwenyewe.

Siku ya uchaguzi, uani pa ukumbi wa chama, watu walipanga foleni nyuma ya mgombea wamtakaye. Mgombea mwingine, Dagane, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa amesikia kisa hicho, alipaza sauti, "Mkalimani wa Safiyo ni mwongo!"

"Ni kweli nilidanganya," Kaaha alisema mbele ya wote. "Shangazi hakujua."

Baadhi ya watu waliihama foleni ya Eddo. Ndipo wanawake wa migungani walipoingia langoni, wakipita katikati ya askari huku wameshikana mikono. Amran alisimama nyuma ya Eddo.

"Huyu alirudi," akasema.

Wengine waliohama nao wakarudi. Eddo akashinda kwa watu wachache tu.

Asubuhi ya safari ya mkutano mkuu, Eddo alimshika Kaaha mkono kando ya lori. "Neno la mtu ni amana, mwanangu. Ukilibadilisha umemdhulumu, hata kama ulitaka mema. Na ukikosea, rudi upesi ukweli ungali na faida. Sasa nifundishe kwa Kiswahili yale waliyonituma watu wa migungani. Nataka niyaseme mwenyewe."

Kaaha akafuta machozi. Akatamka taratibu, bila kuongeza wala kupunguza, na shangazi yake akamfuata neno kwa neno:

"Waume zetu wako wapi?"